Upande wa Nne wa Blanketi

Itigi,
10 Machi 1992

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Ramadhani njema kwako na kwa Baba. Natumaini barua hii itawakuta wazima, na mguu wako umepungua kuuma. Sisi huku hatujambo. Mume wangu Anuari anakusalimu. Yuko zamu stesheni mpaka jioni. Mvua bado zinanyesha na mahindi ya uani yameanza kubeba.

Mama, nina neno ambalo nitalitaja mara moja tu, kisha katika barua nyingine sitalirudia, maana najua sheria zako. Nina mimba ya miezi mitano. Sifungi. Majirani wakiuliza nawaambia nina vidonda vya tumbo. Anayejua ni Anuari, na sasa wewe, na jirani yangu Aneth, ambaye hakuambiwa na mtu. Aliniona tu nikinunua ndimu akasema, "Hizo si za mchuzi."

Mara ya kwanza, unakumbuka, tulikuwa na sanduku zima la nguo mpya. Tulitoka hospitali mikono mitupu tukalikuta sanduku limetusubiri kitandani. Mara ya pili lilikuwa nusu sanduku. Ndipo ukaniambia: asiyezaliwa hashonewi. Nimekubali, na safari hii sijanunua hata soksi. Lakini hesabu zangu zinaangukia Julai, na Julai ya Itigi upepo unapita chini ya mlango na maji ya mtungi yanauma meno. Siwezi kungoja siku yenyewe ndipo nianze kutafuta cha kumfunika.

Kwa hiyo nimeamua kushona blanketi la viraka, dogo. Watu nimewaambia ni la kufunika cherehani yangu isiingie vumbi. Vipimo nimevichukua kweli juu ya cherehani, ili nisiwe muongo kabisa.

Mshahara wa reli unachelewa, hivyo sina budi kutumia vilivyopo. Aneth anauza mitumba gulioni, na mashati ya kiume yaliyoisha ukosi ananipa karibu na bure. Nimeyachunguza. Shati huchakaa ukosini na viwikoni, mgongo ukabaki mzima. Nitakata migongo. Katikati nitaweka sweta la sufu lenye matundu. Upande wa ndani ndio sina. Je, una khanga kuukuu?

Siombi kwa ajili ya mtu, Mama. Naomba kwa ajili ya cherehani.

Mwanao,
Radhia


Mandewa, Singida,
24 Machi 1992

Mwanangu Radhia,

Marahaba. Sisi wazima. Mguu unauma mvua ikikaribia, na mvua ikishafika unauma zaidi, basi nimeacha kuuliza unataka nini. Baba yako anafunga vizuri, ila ikifika saa kumi hasemi na mtu. Dukani hakuna wateja. Majora ya vitambaa yamejaa mpaka dari, na watu wanapita mlangoni na mafurushi ya mitumba wakimwambia, "Shikamoo Mzee Abdulkadiri." Anawaitikia kama mtu aliyetukanwa.

Barua yako niliisoma peke yangu jikoni, kisha nikaitia motoni. Lile neno sikuliona.

Sasa kuhusu hiyo cherehani. Mitumba siipendi. Watu wanasema ni nguo za marehemu wa Ulaya. Sijui kama ni kweli, ila sijui pia kama ni uongo. Kama huna njia nyingine, zichemshe, zianike juani mpaka zinuke jua, kisha ziweke upande wa nje. Kinachogusa ngozi kitoke nyumbani kwetu. Nakutumia khanga mbili kwa kondakta wa basi la Manyoni. Moja nilikubebea wewe mgongoni. Nyingine nililimia shamba la Issuna mpaka maua yake yakafutika. Usitamani khanga mpya. Mpya ni ngumu na inachuja rangi. Kuukuu imeshachuja yote ya kuchuja.

Na kabla ya kukata shati lolote, lifinyange kiganjani kwa nguvu, kisha uachie. Likibaki na makunyanzi ni pamba, kata. Likijinyoosha lenyewe ni nailoni, liache hata likiwa zuri namna gani. Halinywi jasho, na cheche moja ya jiko inaliyeyusha likagandia mwilini. Kitu cha bure kinachounguza si cha bure.

La mwisho. Shona pande tatu. Upande wa nne uache wazi mpaka siku yenyewe. Blanketi lililofungwa ni la mtu aliyekwisha fika. Hili usinibishie kwa elimu yako ya sekondari.

Mama yako


Itigi,
12 Aprili 1992

Mama yangu,

Shikamoo. Idi Mubarak, ingawa imepita. Tulikula pilau kwa jirani na nilikumbuka ya kwako. Natumaini mmesherehekea salama. Khanga zimefika. Ile ya mgongoni niliitambua kwa harufu kabla sijaifungua.

Nimefanya kama ulivyoagiza. Nilikaa gulioni na Aneth kutwa nzima nikifinyanga mashati mpaka wateja wakaniuliza kama nina ugomvi nayo. Lilikuwepo moja la maua ya zambarau, Mama, zuri sana. Nilipoliachia likajinyoosha wima kama mwanafunzi aliyeitwa jina. Nikalirudisha kwenye rundo kwa uchungu. Nimepata migongo ya kutosha: ya mistari ya bluu, ya miraba, na mmoja wa kaki kutoka shati la kazi la Anuari. Pindo nimelikata kwenye mfuko wa unga wa ngano. Kitambaa chake ni kigumu na hakifumuki. Maandishi yake tu hayatoki hata kwa majivu, na kona moja imebaki na neno KILO 25.

Aneth alinikuta nikikata lile sweta. Akasema, "We Radhia, cherehani gani hii inayosikia baridi?"

Nikamwambia, "Ya kizamani."

"Haya. Mwambie asipige mateke, nayaona mpaka huku."

Alikuwa na macho mazuri, maana mateke yalikuwepo. Lakini wiki iliyofuata yalinyamaza siku nzima, nami nikapata maumivu ya kiuno. Anuari alinipeleka hospitali kwa baiskeli. Waliniambia nilale na nisichote maji. Baadaye mateke yakarudi. Nakuandikia ukweli kwa sababu ningekuficha ungejua.

Sharti lako la upande wa nne siliamini, Mama. Lakini nimeuacha wazi.

Mwanao,
Radhia


Mandewa, Singida,
3 Mei 1992

Mwanangu Radhia,

Sisi wazima. Mwambie Anuari nimemshukuru kwa baiskeli, na naiombea miguu yake kwa Mungu.

Usichote maji. Usiinue ndoo hata tupu. Usisimame kwenye cherehani muda mrefu, yaani usikae. Najisemea tu.

Nikupe kisa kimoja ucheke. Juzi baba yako aliniuliza khanga yake ya maua iko wapi, akidai ni yake kwa sababu yeye ndiye aliyeninunulia. Nikamwambia nimempa Radhia afunikie cherehani. Akala. Akanawa.

"Cherehani ile ile niliyompa siku ya harusi?"

"Ndiyo."

"Na ataifunika na nini kingine?"

Nikaona nisiseme uongo. "Mashati ya mitumba."

Radhia, alisimama akaenda dukani usiku haujaingia bado, na wewe unajua tangu wateja wapotee hafungui jioni. Alirudi na kipande cha kile kitambaa laini cha pajama, chenye manyoya mepesi, mwisho wa jora. Alikuwa amekipima sawasawa, hakikuzidi hakikupungua, na mimi vipimo sikumtajia. Akakiweka juu ya meza. "Kiwekwe juu ya sweta," alisema, "sufu inawasha. Cherehani isijikune."

Kisha akasema sala ya Ishaa imekaribia, akatoka nje akasimama tu uani.

Kipo ndani ya kifurushi hiki. Uzi pia.

Upande wa nne, usisahau.

Mama yako


Itigi,
28 Juni 1992

Mama,

Shikamoo. Sitauliza habari ndefu, nisamehe. Kondakta ananisubiri.

Jana nilikwenda kliniki. Walisema kila kitu kiko sawa na ni siku chache zimebaki. Aneth alikuwa kwangu akinilindia nyumba. Niliporudi nilimkuta mlangoni anatabasamu, blanketi limekunjwa mikononi mwake. Alikuta upande mmoja uko mdomo wazi, akaona maskini mja mzito amechoka. Akakaa kwenye cherehani yangu akaufunga. Ameshona mara mbili, kwenda na kurudi, kama anashona gunia la alizeti.

Nilikaa chini pale pale kizingitini. Aneth akasema, "We mama, si ungesema asante!" Halafu akaniona uso, akaacha utani. Nilipomweleza alilia kuliko mimi. Kwao hawana jambo hilo, hakujua, na mimi sikumwambia kwa sababu niliona aibu kuwa na sharti nisiloliamini.

Mama, niliandika kwamba siliamini. Sasa silali. Tangu jana nahesabu mateke, na kila yakikawia namwona yule wa kwanza na yule wa pili.

Nifumue au niache? Kufumua ni kukiri kwamba kosa limetokea. Kuacha ni kuliacha liendelee. Nijibu kwa basi la kwanza.

Radhia


Mandewa, Singida,
3 Julai 1992

Mwanangu Radhia,

Usifumue. Nimeanza na hilo usije ukasoma salamu kwanza. Sisi wazima.

Nisikilize. Nilipokuwa na mimba yako, bibi yako alishona blanketi kule Issuna kwa magunia ya sukari na suruali za babu yako. Alilifunga pande zote nne mwezi mzima kabla hujazaliwa, akaliweka kitandani, akalionyesha kwa kila aliyepita, hata kwa wauza kuni. Ukazaliwa. Ukalala ndani yake ukipiga kelele mpaka watu wa barabarani wakauliza kuna nini. Mpaka leo hujanyamaza.

Sharti la upande wa nne sikulisikia kwa bibi yako wala kwa mtu yeyote. Nililibuni mwenyewe jikoni, barua yako ikiwa mkononi. Mara mbili nimekuona ukitoka hospitali. Safari hii ulikuwa mbali, mguu wangu haukuwa wa safari, na dawa sina. Khanga ni kitambaa tu. Nikatafuta kitu kikubwa zaidi cha kukupa, nikakosa, nikakupa sharti, ili uwe na jambo la kushika mkononi usiku ukiwa mrefu. Sikufikiri kwamba kitu cha kushika kinaweza pia kukushika wewe.

Mshukuru Aneth. Mwambie mishono yake miwili nimeipenda.

Lala, mwanangu.

Mama yako


Itigi,
9 Julai 1992

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo tena, na Baba pia mpe shikamoo yangu. Habari za mguu? Habari za duka? Nauliza zote maana leo nina nafasi ya kusikia majibu.

Cherehani imelia.

Imelia Jumatatu asubuhi, jua limeshachomoza, kwa sauti ambayo muuguzi alisema haikuombwa. Ni msichana. Mzima, na mimi mzima. Ana nywele nyingi na kidevu cha Baba, cha kutokukubali bei.

Barua yako ilifika jana. Niliisoma naye kifuani. Nilicheka, nikalia, kisha nikakukasirikia muda mfupi, kisha nikacheka tena. Lakini Mama, ilichelewa. Jumapili nilishindwa kuvumilia. Nilichukua wembe nikakaa mlangoni kwenye mwanga, nikaanza kufumua. Mishono ya Aneth si ya mchezo. Nilifika nusu tu ya upande ndipo uchungu wenyewe ukanianza. Tukakimbia na blanketi kama lilivyo, nusu limefungwa, nusu wazi, sweta linachungulia.

Muuguzi alipomfunika alisoma ile kona akaita wenzake. "Njooni muone! Kilo ishirini na tano!" Walipompima hakufika hata tatu. Walicheka wodi nzima, na akina mama wengine wakaomba kulishika blanketi. Mmoja aliuliza kitambaa hiki cha ndani kimenunuliwa duka gani. Nikamwambia cha pajama ni cha duka la baba yangu Singida mjini, na khanga haiuzwi.

Aneth haondoki hapa. Anambeba kutwa na kumwambia, "Mimi ndiye niliyekufunga, mama ndiye aliyekufungua, sasa shika adabu."

Upepo umeanza tangu juzi. Bati linapiga kelele. Naingiza mkono chini ya blanketi kila mara, na kila mara pana joto. Nusu ya upande ule bado iko wazi. Leo nimetia uzi kwenye sindano ili niimalizie, halafu nikaona nikuulize kwanza.

Mwanao,
Radhia


Mandewa, Singida,
11 Julai 1992

Radhia,

Sisi wazima sana.

Sindano hiyo iweke chini. Nusu iliyobaki usiiguse, wala Aneth asiiguse. Barua hii inatangulia kwa kondakta; kesho nakuja na basi, mguu upende usipende, nami upande huo nitaufunga mwenyewe mtoto akiwa ndani. Baba yako amefunga duka. Anasema anakuja kukagua mitumba.

Bibi yake