Babu Yako Bado Anavuka Ziwa

Amaruq, mjukuu wangu na baba mkwe wangu,

Miaka miwili hujakanyaga hapa! Huko kusini wamekufunga kamba miguuni? Huna hata haya.

Bata bukini wamerudi. Mtoto wa dada yako ameota meno, anang'ata kila mtu.

Lakini mwaka huu barafu ya ziwa imeoza mapema, imelainika na kukatika ovyo, na babu yako bado anaivuka na pikipiki yake ya theluji kwenda kutazama nyavu. Juzi karudi amelowa hadi kiunoni.

"Umande tu," akasema.

"Umande gani unapanda kiunoni, mzee wewe?"

Akacheka. Mimi usingizi sina.

Hanisikii mimi, hamsikii mchungaji. Ila wewe tulikupa jina la marehemu baba yake, na tangu uzaliwe anakuita baba. Ulipokuwa mdogo ulimkataza sigara, akaziacha siku ileile. Kwa simu atajifanya kiziwi.

Panda ndege ya Ijumaa. Ukishuka usije kwangu kunywa chai. Nenda moja kwa moja ziwani, umshike bega, umwambie, "Mwanangu, zima hiyo pikipiki."

Bibi yako anayekupenda na kukukasirikia,
Haqpi