Yowe la Mtoto Ambaye Hakuwepo

Newala, Jumamosi, Julai. Ukungu tangu alfajiri, na baridi ya kuvaa sweta mbili.

Ndugu zangu mnaonisoma, leo naandika jua likiwa bado lipo. Sitaki kuyaandika haya gizani.

Kwa yule aliyejiunga nasi karibuni, nieleze kwanza mchezo wenyewe. Ni mchezo wa mtu mmoja. Mimi, mwalimu wa miaka arobaini na kitu, mzaliwa wa Lulindi, navaa sketi ya bluu ya shule ya msingi na kuwa Salima, msichana wa miaka tisa. Salima anaona kivuli penye korosho za baba yake zilizoanikwa, anapiga yowe. Kijiji kinatoka. Kinamkamata fundi baiskeli aliyekuwa akipita njia, kinamsogeza mbele ya mtoto na kumwuliza: "Ni huyu?" Salima anajua kwamba siye. Ananyamaza. Mchezo unaishia katika kimya hicho. Nasimama mdomo umefumba mpaka watu waanze kukohoa na kujikunakuna, na yaliyompata fundi hayaonyeshwi wala hayasemwi.

Mwenzangu ni Bakari, Myao wa Masasi, mpiga ngoma. Ngoma zikiisha hubakiwa na kazi moja: nikipiga yowe, hutoka kwa mlango wa nyuma, begi mgongoni kama mwizi, na kuuzunguka ukumbi mbio, akikanyaga kwa kishindo, ili watazamaji wasikie miguu ya mtu anayekimbia. Wazo hilo lilikuwa langu, na nililipenda.

Masasi mjini lilitufaa. Pale pikipiki hazinyamazi, na mtu akikimbia nje ya ukumbi hudhaniwa anawahi basi.

Leo tulikuwa katika kijiji kimoja nje kidogo ya Newala. Mwenyekiti alituomba tuonyeshe asubuhi, kwa kuwa mchana ukumbi ulikuwa na mkutano. Wakaja akina mama na watoto, wakajaa hadi madirishani. Wanaume wengi walikuwa shambani wakipulizia mikorosho dawa ya unga ya salfa, kazi inayotaka asubuhi, umande ukiwa bado majanini. Mashine zao zilinguruma ndani ya ukungu, mbali, kama wanyama wasioonekana. Niliziona kuwa sehemu ya mandhari. Sikuwaza kwamba anayesikika huweza pia kusikia.

Nilipiga yowe.

Niliwahi kuwaandikia jinsi lilivyonichukua muda kulipata. Si sauti yangu. Ni nyembamba, inapanda kisha inakatika katikati, kama ya mtoto aliyeishiwa pumzi. Leo lilitoka vizuri kuliko siku zote. Bakari akatoka, na miguu yake ikaanza kuzunguka nje ya ukuta.

Ndipo mashine zikazima. Moja, nyingine, kisha zote.

Sasa naungama. Nilipoisikia miguu kule nje ikiongezeka, nilifurahi. Bakari ana miguu miwili, nami nilisikia mingi, ikija kutoka kila upande, na kwa kitambo kidogo niliamini kwamba sanaa yangu imefika mahali ambapo haijawahi kufika. Mama mmoja wa mstari wa mbele alimwegemea jirani yake akanong'ona, "Na hii imo?"

Kisha nikasikia nikiitwa. "Mama Upendo! Mama Upendo, njoo!" Bakari hajawahi kuniita katikati ya mchezo.

Nilitoka peku, na sketi yangu ya shule.

Walikuwa wanaume kama kumi na tano, na sikuziona nyuso zao. Salfa ilikuwa imewageuza rangi ya manjano kuanzia nywele hadi kope, na vitambaa vimefungwa puani na mdomoni. Walisimama ndani ya ukungu kwa nusu duara, wengine na fimbo, wengine na panga, kimya kabisa. Mmoja wao, mrefu, alikuwa amemshika Bakari ukosi wa shati. Bakari alikuwa na damu mdomoni.

"Shikamooni," nikasema.

Hakuna aliyesema marahaba. Mimi ni mtoto wa huku, na sikumbuki lini nilimwamkia mtu mzima nisiitikiwe.

"Mtoto yuko wapi?" aliuliza yule mrefu.

"Hakuna mtoto, baba. Ni mchezo. Niliyelia ni mimi, na huyo ni mwenzangu."

"Tumesikia mtoto."

"Ni mimi, baba yangu."

"Mama mzima na kisketi cha shule, na huyu anatimua mbio na begi mgongoni. Unatuona hatuna akili?"

Niligeuka kuwatafuta mashahidi wangu. Akina mama wote walikuwa wametoka. Walikuwa wamejipanga kando ya ukuta, watoto mbele, na walikuwa wanatazama. Niliwaomba waseme. Mmoja akacheka.

"Jamani, hata Baba Zuhura kapewa kazi! Na alivyojipaka!"

"Nyamaza wewe, tusikie."

Nikaelewa. Waliona kwamba mchezo umehamia nje. Kadiri nilivyowasihi ndivyo nilivyowapendeza. Mbele yangu walikuwepo watu waliokuwa na hakika kwamba yote ni kweli, nyuma yangu waliokuwa na hakika kwamba yote ni maigizo, na katikati palikuwa na shingo ya Bakari.

Nilibakiwa na njia moja. Nilipiga magoti, nikawa Salima tena. "Shikamooni, baba zangu," nikasema kwa ile sauti nyembamba.

"Marahaba, mwanangu," wakaitikia wote, kwa upole.

Walinitazama nilipopiga magoti, waliuona mdomo wangu ukitoa ile sauti, na bado walimwitikia mtoto. Yule mrefu akainama hadi nikanusa salfa katika kitambaa chake. Akamvuta Bakari mbele yangu, akauliza. Hakuna aliyemfundisha neno hilo. Nililiandika mimi, mezani kwangu, kwa kalamu yangu.

"Ni huyu?"

Nikanyamaza.

Nisomeni vizuri, maana jambo hili ndilo lililoninyima chakula tangu asubuhi. Nilitaka kusema, na mdomo haukufunguka. Mwili wangu umelisikia swali hilo mara nyingi na umezoea kulijibu kwa namna moja: mabega yanashuka, macho yanatazama vumbi, midomo inafumba. Ndivyo nilivyoufunza. Nilimwona Bakari akinitazama. Anakijua kimya kile kuliko mtu yeyote, anajua hudumu muda gani, na niliona akisubiri kiishe. Kisha niliona ameacha kusubiri.

Nyuma yangu mtoto mmoja akakohoa.

"Siye," nikasema.

Sijui kwa sauti gani. Haikuwa ya Salima, wala haikuwa hii ninayofundishia.

Yule mrefu aliachia ukosi. Alimpangusa Bakari bega, taratibu, kama anayemwondolea mgeni vumbi la safari, akasema, "Tusamehe, ndugu." Kabla ya kuondoka alichungulia ukumbini juu ya kichwa changu, mle ambamo hamkuwa na mtu. "Mwambieni mtoto asiogope tena," akasema. Wakaingia katika ukungu mmoja mmoja, na punde mashine zikawaka.

Na akina mama wakapiga makofi. Walipiga vigelegele. Mwenyekiti alinishika mkono na kunipongeza, akasema sehemu ya nje ndiyo iliyomgusa zaidi.

Kwa miaka nimewaeleza watu, shuleni na makanisani, kwamba Salima alinyamaza kwa hofu. Nimeeleza kwa ufasaha, na wameniamini. Leo mimi niliogopa, lakini hofu haikunifumba mdomo. Ilikuwa inanisukuma niseme. Kilichonifumba ni kuzoea. Basi Salima naye alizoezwa na nani, kabla hata hajaulizwa?

Kesho saa nne tupo Lulindi, nyumbani kwetu. Nimeamua kwamba tutatangulia asubuhi na mapema kupita mashambani, tumweleze kila atakayesikia. Hakuna atakayekimbia nje. Kuhusu kimya cha mwisho, bado sijaamua.

Bakari yuko hapa uani anafua shati. Nilidhani ataniambia anarudi Masasi, na nilikuwa tayari kumpa haki yake. Hakunilaumu. Alikamua shati, akaliangalia kwenye mwanga, kisha akasema bila kugeuka:

"Kesho nitakaa ndani, Mama Upendo, mstari wa mbele. Ukiulizwa, nitazame mimi."