Kaya Ishirini na Tatu Nilizozifuta

S.L.P. 74,
Rangwe.
9 Novemba, 1996.

Mpendwa Shangazi Jerusha,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu. Goti linaendeleaje, hasa baada ya ngazi zile ulizopanda kwa ajili yangu? Sisi ni wazima, na mvua imeanza kunyesha vizuri.

Bahasha ilifika Jumanne. Diski zote nne zinafunguka, na kile kitabu cha maelezo ya namba ulichonitolea nakala kimetimia hadi ukurasa wa mwisho. Najua ulirudi ofisi ya takwimu mara ya pili, ukajaza fomu upya na kupanga foleni na goti lako hilo. Wengine wana shangazi. Mimi nina jeshi. Asante sana.

Sasa niungame. Nilikuandikia kwamba diski za kwanza ziliharibika zenyewe. Si kweli. Niliziharibu mimi.

Unajua nachunguza kaya zinazoongozwa na wanawake huko Migori, kama watoto wao wanapata chanjo. Mwalimu wangu wa chuo aliniagiza nisafishe takwimu kwanza, niondoe majibu yasiyowezekana. Nikakuta kaya ishirini na tatu ambazo mkuu wake ni mwanamke, na ndani yake ameandikwa mke wa huyo mkuu. Nikacheka, nikasema karani aliyewahoji alisinzia. Nikazifuta zote, nikahifadhi juu ya nakala ile ile, kisha nikaenda kunywa chai.

Likizo ya Agosti nilikwenda Ogwedhi. Nyanya Mirumbe akaniuliza nasomea nini hasa, nikamweleza. Akauliza, "Na nyumba kama hii yetu, umepata ngapi?"

Hapo ndipo nilipozikumbuka zile ishirini na tatu. Yeye hakujaliwa mtoto, akatoa ng'ombe akamwoa mama yako kwa mila yetu ili nyumba yake isizimike, nawe na baba mkazaliwa humo. Nimekula ugali wa wimbi wa nyumba hiyo tangu nina meno mawili. Lakini mbele ya kompyuta ya misheni nikaiona kuwa kosa la karani. Mgeni angekosea kwa kutojua. Mimi nilikosea kwa usomi.

Nilishindwa kukuambia kwamba nimemfuta mama yako, ndiyo maana nikazisingizia diski. Nisamehe. Tasnifu naiwasilisha mwisho wa mwezi, na bila wewe ingekuwa ya uongo. Sasa kaya zote zimo, na safari hii nakala halisi imefungiwa sandukuni.

Juzi nilirudi kwa Nyanya nikamwambia yote. Nilimweleza kwamba majina hayaonyeshwi, kwa hiyo siwezi kujua kama sisi tumo. Hilo halikumsumbua. Alitaka kujua tu kama karani aliandika vile vile alivyoambiwa, mkuu mwanamke na mke wake. Nikamjibu ndiyo, vile vile.

Akasema, "Basi huyo karani alilelewa vizuri."



Nisalimie Baba Elvis, Elvis mwenyewe, na Bravin asiyependa kuandika barua. Mungu akulinde na alinyooshe hilo goti.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye na kukushukuru,

Liz