Matembezi Yaliyokatika Dirishani

9 Juni

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, na lile goti limepunguza makeke. Mimi nimefika salama. Kazini nimeripoti jana, mashuka ya hospitali yalikuwa yananisubiri mlima mzima, napiga pasi mpaka vidole vinawaka. Nakuandikia kwa sababu najua wewe na simu haziivi.

Nina jambo la kuungama, usinune. Ile Jumanne niliyokuaga kwamba naenda kwa shangazi, sikwenda. Nilikata tiketi nikajiunga na msafara wa wageni unaowaongoza kasrini. Nilivaa kofia pana na miwani ya jua, nikajibanza nyuma ya wazee wawili wanene. Miaka yote nimekula na kusoma kwa mshahara wa njia ile, wala sikuwahi kuitembea hata siku moja.

Ukungu ulikuwa haujainuka. Wewe ulikuwa unatembea kinyumenyume, mwavuli juu, macho kwetu, visigino vyako vinajua kila jiwe. Sauti yako ilikuwa inatangulia, na kuta zinatokea nyuma yako moja moja kana kwamba unaziita. Nikajiuliza, huyu anayeelea mbele ya watu kumi na wawili ni baba yangu kweli? Yule ambaye wiki mbili mezani sikumtoa neno hata kwa koleo?

Lango Kuu, Ukumbi wa Mashauri, zizi la farasi, yote sawa. Tukafika nyumba ya malkia. Ukasema malkia alipenda kukaa dirisha la tatu, kwa sababu la kwanza lina upepo na la pili lina majirani. Watu wakacheka. Ukasema alikuwa anaimba huku anakunja nguo, na akifika mahali asipoyajua maneno anapiga chafya ya uongo. Malkia gani duniani anakunja nguo zake mwenyewe, Baba? Yule ni mama!

Ukasema alikuwa na binti aliyekwenda mbali. "Na yaliyotokea siku yake ya mwisho," ukasema, "tutayasikia kaburini." Hapo ndipo uliponitazama. Mwavuli ukashuka. Ukasema samahani, kaburi limefungwa kwa matengenezo, asanteni, kwaherini. Ukageuka, ukaondoka ukitazama mbele kama watu wengine.

Baba, nilifika siku tatu baada ya mazishi. Uliandika "mama yako anaumwa kidogo", nami nikasubiri likizo ya mwisho wa mwezi. Mwaka wa nne huu nakuuliza, jibu lako ni lile lile: "Alipumzika vizuri." Wapita njia wanajua kuliko mimi niliyetoka tumboni mwake! Kaburini huwa unasema nini? Alinikasirikia? Hilo tu ndilo nataka kulijua.

Wakati wa kutoka niliandika kwenye kitabu cha wageni: "Namshukuru mwongoza wageni kwa kunirudishia mama yangu. Yote aliyosema juu ya malkia ni mama mtupu." Sikuweza kujizuia.

Kitinda mimba wako


24 Juni

Mwanangu, kitinda mimba wangu,

Marahaba. Mimi sijambo. Goti nalo linakusalimu, hasa kwenye ngazi. Pole na mashuka, na usinywe maji baridi ukitoka kwenye pasi.

Kumbe yule mama wa miwani, aliyekuwa anapenga kamasi katikati ya habari zangu za zizi, ni wewe! Nilidhani farasi wanamdhuru, na farasi wenyewe hawapo miaka na miaka.

Kaburi lilikuwa limefungwa. Wanapaka chokaa. Hakuna zaidi.

Ila umenichoma, mwanangu. Mkuu wa makumbusho hukisoma kile kitabu kila Ijumaa, neno kwa neno, miwani kwenye ncha ya pua. Ameniita. Kaweka kidole kwenye mwandiko wako, kaniuliza malkia alipiga chafya mwaka gani, na kwa mujibu wa kumbukumbu ipi. Ningejibu nini? Kumbukumbu zetu juu ya mfalme ni kurasa arobaini: vita vyake, farasi wake, hata jino lake bovu limeandikwa. Juu ya malkia ni mstari mmoja. "Mfalme alikuwa na mke." Basi! Watu wanafika pale wamechoka, wananiuliza, "Na huyo mke je?" Nilianza na dirisha tu, miaka minne iliyopita. Mengine sijui yaliingiaje.

Sasa nimepewa karatasi, niisome kama ilivyo. Nikiongeza neno langu, nyumbani. Na mimi bila ile njia sijui asubuhi ningeamkia nini.

Hayo ya kaburini usiniulize tena. Alipumzika vizuri.

Baba yako


6 Julai

Baba yangu,

Shikamoo. Hali yako? Yangu tuseme naendelea. Tangu nisome barua yako sijioni mzima. Nilitaka kukushukuru, nikakuchongea. Nisamehe. Nikimwandikia Mkuu kwamba siku ile nilikuwa na homa na akili hazikuwa zangu, itasaidia? Kama itasaidia naandika leo leo.

Lakini Baba, nimempigia simu yule mama wa tiketi. Anasema kaburi halijapakwa chokaa tangu aajiriwe. Anasema watu hutoka kule wakifuta macho, na huku wanatabasamu. Yeye haachi kibanda chake, kwa hiyo hajui unawaambia nini.

Wanatabasamu kwa nini? Tena kama ni jambo la kutabasamu, mbona ulipoiona sura yangu ulifunga kaburi? Kama alinilaani, sema. Nitalibeba. Nalala naota niko kwenye ule msafara, kila mtu anaingia kaburini anasikia, mimi napitishwa kando.

Kitinda mimba wako


19 Septemba

Baba,

Shikamoo. Nakutakia afya.

Nimekuandikia Julai, nimekuandikia Agosti. Nikipiga simu unasema "sikusikii", na mimi nakusikia mpaka unavyopumua.

Nimeelewa. Alinikasirikia, na wewe huna moyo wa kuniambia. Ana haki, mama aliyemlea mtoto akaachwa afe bila yeye. Sitakusumbua tena. Kula vizuri, na goti ulifunge kitambaa cha joto.

Mwanao


2 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Habari za afya leo tuziache.

Hapana. Hapana, nasema! Hakukukasirikia hata kwa dakika moja. Nimenyamaza kwa aibu yangu, kumbe wewe umeichukua ukajitwika. Mzee mzima, hovyo kabisa.

Nimesoma ile karatasi miezi mitatu sasa. Nafika dirisha la tatu, nasoma "Mfalme alikuwa na mke", watu wanapiga picha, tunapita. Juzi mgeni mmoja akaniuliza, "Alikuwa mtu wa namna gani?" Nikajibu, "Haijulikani." Nilihisi kama nimemzika mara ya pili. Nikarudi nyumbani nikaikuta barua yako.

Kaburini nilikuwa nawaambia watu kwamba binti alifika kwa wakati. Ndiyo maana walitabasamu. Siku ile ulikuwa umesimama mbele yangu na ile miwani, nimekujua kwa unavyoinamisha shingo, ningelitoa vipi neno hilo mdomoni? Nilimdanganya mama yako, nikakunyima wewe. Na ile "kidogo" ni yangu. Niliogopa kuandika "sana". Nilidhani nikiliandika litakuwa kweli.

Sasa sikiliza, maana hili sijapata kumwambia mtu bila kumvika taji.

Siku ile tangu asubuhi alikuwa anauliza, "Kafika?" Nasema yuko njiani. Hukuwa njiani, ulikuwa kwenye pasi zako, hujui lolote. Alasiri pumzi zikaanza kupishana mbali mbali. Akauliza tena, "Kafika?" Nikasema, "Kafika." Mungu anisamehe. Akafungua macho. "Yuko wapi?" Nikasema, "Anaoga kwanza, safari imemjaza vumbi." Nikaenda bafuni, nikafungua bomba, nikaliacha limwagike ili asikie.

Akasikia. Uso wake ukalegea, nao ulikuwa umekaza wiki nzima. Nikaingiwa na hofu ataniambia nikulete, nikamuuliza mwenyewe, "Nimwite?"

Akasema, "Mwache aoge vizuri. Mtoto katoka mbali. Usimharakishe."

Akafumba macho, akawa anayasikiliza maji. Tulikaa hivyo muda mrefu. Nilipokwenda kulifunga bomba na kurudi, alikuwa ameshaondoka.

Baba yako