Baba, Tumefungua Filta ya Pikapu

Kwako baba, unayepumzika Nkoma,

Mikono yangu inanuka oili, maana nimekishika tena kile kitu kabla sijakaa kuandika. Leo ni siku ya nne tangu Fundi Jilala afungue injini ya pikapu yako hapa Bariadi, na bado sijatulia. Darasani nimeandika tarehe isiyo sahihi siku mbili mfululizo, wanafunzi wananisahihisha. Nimeshtuka, baba. Nilishtuka kwa ajili yako, nikashtuka kwa ajili yangu mwenyewe, halafu juzi nikashtuka mara ya tatu huko Lamadi, na hiyo ya tatu ndiyo iliyonikalisha hapa mezani.

Unaikumbuka asubuhi yako na ile pikapu? Mita ya kilometa iliacha kuhesabu kabla mimi sijaolewa. Ukiulizwa imetembea kiasi gani, ulijibu kwamba ilishaizunguka dunia ikarudi Nkoma kula ugali. Ulikuwa unainua boneti, unainamisha kichwa, unasikiliza. Ikigonga, ulitoa kopo la dawa ya oili ulilokuwa umeliegesha ukutani lipate jua, maana ile dawa ilikuwa nzito kama asali na haikumiminika ikiwa baridi. Ulimimina polepole. Baada ya muda mfupi mlio ulipungua, nawe ulimgeukia mama.

"Umesikia? Amepona."

"Mgonjwa anayekunywa dawa kila wiki hajapona," mama alikujibu, akaendelea kupepeta mchele wake.

Mimi nilicheka pamoja na wewe. Nilikuwa upande wako siku zote, hata pale mama alipokuwa na haki. Wewe ulikuwa bwana shamba wa wilaya nzima, kwa jinsi nilivyokuona mimi. Nilikuwa mdogo nilipokufuata kwenye mikutano ya wakulima wa pamba, nikakusikia ukimgombeza mzee mmoja aliyechanganya dawa ya wadudu na sabuni ya unga kwa akili zake. "Someni maelekezo," uliwaambia. "Dawa si uji, kila mtu akoroge anavyotaka." Nilirudi nyumbani kifua mbele kama mimi ndiye niliyesema.

Basi ulipotutoka, pikapu ikabaki na mdogo wangu Masanja. Ilikuwa haki yake, yeye ndiye alikuwa anaishi nanyi, na ndiye uliyemfundisha kuiendesha. Alibebea watu mahindi na pamba, akampeleka mama kliniki, akaweza kuoa. Miezi minne baada ya kukuzika, akiwa anamleta mama hospitali huku mjini, injini ikagonga mara chache ikakaza palepale barabarani. Mama alikaa juani kwenye nyasi saa nzima, presha yake ikiwa juu, mpaka msamaria mmoja akapita. Mimi niliitwa shuleni, nikamkuta amelazwa. Hasira niliyokuwa nayo siku ile sikuwahi kuwa nayo tena.

Juma lililofuata ndipo wazee walipokaa kikao cha mirathi sebuleni kwako. Nadhani huko uliko unajua nilichofanya. Nilisimama mbele ya baba wadogo na shangazi zangu wote, nikasema Masanja ameiua injini yako. Nikasema amebadilisha oili kwa vijana wa kando ya barabara, amefunga filta za ovyo, amemwagia madawa asiyoyajua, na kwamba karibu amuue mama. Nilisema vizuri, baba. Mimi ni mwalimu, najua kupanga maneno.

Masanja alisimama akiwa ameshika kofia yake. Alisema sentensi moja tu.

"Nilifanya kama baba alivyoniambia."

"Usimsingizie marehemu," nikamwambia.

Wazee walimnyang'anya funguo wakanipa mimi. Mwezi haukuisha, akachukua mke wake wakahamia Lamadi, kando ya ziwa, akawa anafanya kazi ya kuanika dagaa. Simu zangu hapokei, na simlaumu, kwa sababu mwanzoni mimi mwenyewe sikumpigia kwa muda mrefu. Mama amekula Krismasi mbili bila mwanawe wa kiume. Anasema tu, "Masanja ana shughuli," na anatazama pembeni. Pikapu imekaa uani kwangu chini ya turubai muda wote huo, kuku wanataga kwenye kiti cha dereva.

Mwezi huu mama amedhoofika. Nikawaza kwamba nikiitengeneza pikapu, nimpeleke mwenyewe Lamadi, labda Masanja akimwona kwenye gari lako atalainika. Ndipo nikamwita Fundi Jilala, ambaye ana gereji yake Somanda, hapa hapa mjini. Ni mtu mzima, mpole, hapayuki. Vijana wake wakaivuta mpaka kwake. Siku ya Jumanne, nilipotoka shuleni, nikamkuta ameshamwaga oili na anafungua kile kikombe cha chuma ambamo filta hukaa.

"Mwadila, mwalimu," alinisalimia bila kuinua kichwa. "Sogea uone. Mimi hiki sijawahi kukutana nacho."

Ndani ya kile kikombe hamkuwa na filta. Mlikuwa na kifuko cha nguo, cheusi tii, kimezungushwa kwenye kibomba chenye matundu, kimeshonwa juu na chini. Akakisuuza kwenye petroli. Yakatokea maua mekundu. Akakikata kwa wembe, na ndani yake mkatoka pamba, pamba yetu hii tunayolima, imeshindiliwa mpaka imekuwa ngumu kama tofali.

"Nani alikushonea?" akaniuliza.

Nilikuwa naangalia ule mshono. Mishono miwili inayokwenda sambamba, na kila baada ya vidole vitatu kuna fundo. Katika maisha yangu yote nimemwona mtu mmoja tu anayeshona magunia ya pamba namna ile, na mtu huyo ni wewe; nilishakaa nawe kwenye ukingo wa baraza nikikushikia sindano. Nilikaa chini kwenye tairi. Fundi akadhani ni jua, akaniletea maji.

Alinieleza taratibu, kama ninavyowaeleza watoto. Filta ya injini ya zamani kama ile haipatikani tena madukani hapa, kwa hiyo yaelekea mtu aliamua kujitengenezea. Ingeweza kuchuja kidogo, kwa muda mfupi, ikibadilishwa mara kwa mara. Lakini pamba inaachia nyuzi. Nyuzi zilikwenda na oili zikaziba vile vitundu vidogo vinavyolainisha vyuma, na dawa nzito ikazigandisha humo. Akanionyesha kwa ncha ya bisibisi. Chuma kilikuwa kimesagana na chuma.

"Na dawa?" nikamuuliza. "Ndiyo iliyoharibu?"

"Dawa si sumu, mwalimu. Injini iliyochakaa unaweza kuisaidia kidogo. Ila hapa ilikuwa inagonga ili kuomba msaada, na kila ikigonga inazibwa mdomo."

Kisha akasema jambo lililonimaliza kabisa. Kwamba zipo filta za gari jingine zinazoingia mle bila shida, watu wanazifunga na wanatembea miaka. Zipo dukani, hatua chache kutoka kwake. Ungepita tu ukauliza, baba. Wewe uliyewaambia watu wasome maelekezo, uliona aibu kumuuliza fundi aliye mdogo kwako.

Nilirudi nyumbani na kile kifuko kwenye mfuko wa nailoni. Mama, ambaye sasa anakaa na mimi, aliyatazama yale maua, akasema, "Hilo shuka nimelitafuta mwaka mzima. Nilimgombeza hadi mke wa Masanja." Akacheka, kisha kicheko kikageuka kilio, na mimi nikalia naye. Hata yule binti wa watu alibeba lawama kwa ajili ya lile shuka.

Sasa nifike kwenye mshtuko wa pili, ambao ni wangu. Unaikumbuka ile Jumamosi ya mwisho niliyokuja Nkoma ukiwa bado unatembea? Ulikuwa umekaa barazani na kikapu cha pamba. Ulisema, "Ng'wanone, mwanangu, macho yangu hayaoni vijiti tena. Nichambulie wewe. Toa mbegu, toa majani, iwe safi kama ya hospitali." Nikakuuliza ni ya nini. Ukasema, "Ni ya mgonjwa wangu."

Nilitazama mguu wako, ulivyokuwa umevimba na ulivyoufunika kwa kitenge cha mama, nikaamini ni ya kidonda unachotuficha. Niliogopa kuuliza zaidi. Kwa hiyo nilichambua saa nzima kimya, punje kwa punje, tena kwa upendo, nikiwa namwomba Mungu akuponye. Ulinitazama, ukanishukuru, "Wabeja, mama," ukaichukua ukaenda nayo nyuma ya nyumba. Pamba iliyotoka kwenye injini Jumanne ni ile ile, maana baada ya Jumamosi ile hukuinuka tena. Niliisafisha mimi. Halafu nikasimama sebuleni kwako nikamshitaki mdogo wangu.

Usiku ule sikulala, na asubuhi yake nikaomba ruhusa shuleni nikaenda Lamadi. Nilimkuta Masanja ufukweni, anageuza dagaa juu ya nyavu kwa fagio. Amekonda. Ana mvi mbili tatu ambazo hakuwa nazo. Nilikuwa nimepanga maneno yangu njia nzima, lakini nilipofika nilichoweza ni kumnyooshea tu ule mfuko. Aliuchungulia, akaurudisha.

"Kumbe umefungua," alisema.

Baba, alikuwa anajua. Huo ndio mshtuko wa tatu. Alijua tangu siku ile ile, pale barabarani, mama akiwa amekaa kwenye nyasi. Alifungua kikombe akitafuta injini imekufa kwa nini, akaona mshono wako, akakirudisha kifuko mahali pake, akafunga bolti. Ulimwambia mwenyewe, alisema, ulipokuwa kitandani: ikigonga, mpe kopo moja, na filta usiiguse, nimeifunga mwenyewe. Naye hakuigusa.

"Kwa nini hukusema pale kikaoni?" nikamuuliza.

"Ningesemaje, dada? Wazee wote wamekaa, picha ya baba iko ukutani, hata udongo wa kaburi haujakauka. Nimvue nguo baba yangu kwa sababu ya gari?"

"Lakini nilikuita muuaji mbele yao."

"Ulisema vingi," akanijibu, akaendelea kufagia. Alipofika mwisho wa nyavu akasema, "Wewe ulikuwa unampenda sana. Nikaona bora unichukie mimi."

Nililia pale mbele ya akina mama wa dagaa bila kujali. Mmoja akaniletea ndoo niikalie, akanipa maji. Masanja alisimama tu pembeni yangu, mkono mmoja begani kwangu, mwingine ameshika fagio. Nilimwambia arudi nyumbani. Akasema atakuja kumwona mama Jumapili, ila Nkoma harudi, hawezi kukaa kwenye kijiji ambacho kila mtu anamjua kama kijana aliyeua gari la baba yake. Nikamwambia nitawaita wazee niwaeleze. Akashtuka, akanishika mkono.

"Usimseme baba. Nimenyamaza muda wote huu, usije ukaiharibu kazi yangu."

Niliondoka na neno hilo. Tangu nirudi nimekuwa nikibishana na wewe kichwani. Nimekukasirikia, na sijawahi kukukasirikia hata siku moja. Si kwa sababu ya pamba. Wakulima wa huku tumezoea kutumia tulichonacho, na nahisi siku ya kwanza ulifanya hivyo kwa sababu filta haikupatikana na mtu fulani alikuwa anasubiri kupelekwa hospitali. Nimekukasirikia kwa sababu ulimwachia mwanao siri ukaiita maelekezo. Na hata hivyo, baba, nikifumba macho nakuona umeinamisha kichwa kwenye boneti, unasikiliza, na ninakupenda vilevile. Hilo nalo linanishangaza.

Jana nimewapigia simu baba wadogo wote wawili na shangazi. Nimewaomba tukutane kesho Jumamosi, sebuleni kwako, tulipokaa siku ile. Wanadhani ni habari ya kuuza pikapu. Masanja hajui. Nimejaribu kutafuta namna ya kumsafisha yeye bila kukutaja wewe, nimeandika na kufuta mpaka karatasi imetoboka, na namna hiyo haipo. Wewe umeshapumzika, hakuna atakayekunyima ugali wala salamu. Yeye ana miaka mingi ya kuishi.

Kwa hiyo nitasimama, na nitasema ni wewe uliyeishona, na ni mimi niliyeichambua, na ni yeye peke yake katika nyumba yetu aliyefanya kama alivyoambiwa. Ukinisikia, usinune. Na kama utanuna, nuna, baba, mimi nitasema tu.

Ni mimi mwanao,
dada yake Masanja.