Paa Langu Limeota Meno

Jumamosi, mwezi wa nane. Baridi kavu, anga bluu, jua la kutazama tu.

Natangaza rasmi, kwa majirani wote wa Malvern, kwa wateja wangu wa Jules Street na kwa yeyote aliyekosa kazi ya kufanya leo, kwamba kuanzia mchana huu paa la nyumba yangu lina vizuia-theluji. Vimefungwa, vimekaguliwa na mimi mwenyewe, vimefanyiwa majaribio mbele ya familia, na majaribio yamekwenda vizuri.

Hilo ndilo tangazo. Sasa niandike shajara, ambayo ni kitu kingine.

Najua utacheka. Hapa Johannesburg tunaogopa mvua ya mawe, tunaogopa umeme kukatika, tunaogopa anayebisha geti baada ya magharibi. Theluji haimo kwenye orodha. Huja mara moja, watu wanapiga picha, kisha inapotea miaka mpaka watoto wanadhani wazazi walisema uongo. Lakini mwezi uliopita ilikuja. Asubuhi tuliamka bustani nyeupe, magari meupe, na mimi mtu wa Tanga, mwenye mvi na kitambi, nikatoka nje na kandambili kuionja.

Ilikuwa ndogo. Tatizo ni paa langu. Nyumba hii ni ya zamani, bati lake lina mwinamo mkali, na kuna mahali mapaa mawili yanakutana yakafanya kama bonde. Theluji ya paa zima ilijikusanya pale. Jua lilipopanda, furushi lote likateleza na kushuka upenuni kwa kishindo, likaangukia kiti cha mama mkwe.

Mama mkwe hakuwepo kitini. Alikuwa ameingia ndani kufuata mtandio. Kikombe chake cha chai kilivunjika, kiti kikapinduka, tukasema alhamdulillahi, tukafagia.

Nilidhani yameisha.

Nieleze kidogo kuhusu mama mkwe. Bi Mwanakombo alikuja kutoka Tanga baada ya Idi ili tumpeleke kwa daktari wa magoti. Daktari alimpa vidonge, akamwambia apate jua. Basi kila asubuhi, kabla sijaenda kibandani kwangu Jules Street, nilimwekea kiti nje kwenye ukuta wa kaskazini, ambako jua la majira ya baridi linapiga na upepo haufiki. Anaota jua, anachambua mchele, anazungumza na mke wangu kupitia dirisha la jikoni. Na tangu aje, mke wangu anaimba. Miaka yote ya Joburg sikujua kama yule mwanamke ana sauti.

Mimi na mama mkwe hatuzungumzi sana. Si ugomvi, ni adabu. Nampa shikamoo kutoka mlangoni, macho chini, ananijibu marahaba, mengine yote yanapita kwa mke wangu kama barua zinavyopita posta. Ndivyo nilivyolelewa, naye ndivyo alivyolea.

Baada ya ile theluji, hakukaa tena nje. Kiti nilikiweka, hakukaa. Alishinda ndani karibu na hita, magoti yakazidi, na jikoni kukawa kimya.

Kisha mke wangu akaniletea begi la mama yake. Zipu imeachia, akasema. Basi.

Mimi ni fundi wa mabegi. Nabadilisha zipu, nashona mikanda, natia magurudumu. Mtu wa kazi hii hujua habari za watu kabla ya ndugu zao, maana begi likiletwa kutengenezwa kuna mtu anaondoka. Sikuuliza. Nililiweka begi kibandani nyuma ya mengine, na kila nilipoulizwa nikasema zipu za aina ile zimeadimika sana siku hizi.

Hapo ndipo alipotokea Papa Selestini na ngazi yake.

Papa Selestini ni Mkongo wa Bukavu, anakaa mtaa wa nyuma, wiki nzima yuko juu ya mapaa na Jumapili anaimba kwaya. Kiswahili chake na changu ni ndugu wa baba mmoja, mama mbalimbali: tunaelewana, ila kila mmoja anaona mwenzake hakulelewa vizuri. Nilirudi jioni moja nikamkuta juu ya ngazi ukutani kwangu na futi mkononi, mke wangu kaishika ngazi. Waliponiona wakanyamaza.

Mke wangu akasema wanaangalia gata la maji ya mvua tu.

Sasa mimi si mtu wa wivu. Kwa umri wetu, na kwa namna ngazi ile ilivyokuwa inalia, sikufikiria hayo. Lakini mtu anayeangalia gata hapimi paa.

Kesho yake Papa Selestini akaniletea sampuli za vizuia-theluji. Alizipanga mezani kibandani kama muuza miswaki. Ya kwanza plastiki, inaangaza kama glasi, ya kugandisha kwa gundi. Ya pili bati nene lililokunjwa, linasimama kama jino, la kufunga kwa skrubu. Akanieleza kwamba haya meno yanapangwa karibu na ukingo wa paa, safu mbili, ya juu ikikaa kwenye mapengo ya chini, ili theluji ishikwe palepale iyeyuke polepole badala ya kushuka kwa mpigo mmoja. Yeye alitaka ya bati.

Nikajua nimeibiwa, bado tu kujua vipi.

Fikiri mwenyewe. Paa langu halivuji. Halijawahi kuvuja. Anakuja mtu kutaka kulitoboa kila mahali kwa ajili ya kitu kinachoanguka mara moja katika ujana na mara moja katika uzee. Masika inayofuata maji yanaingia, na nani ataitwa kuziba? Nikasema nataka ya gundi. Akatikisa kichwa taratibu, akasema jua la hapa litaila hiyo gundi, na mvua ya mawe ikija itayang'oa meno yote yawe takataka kwenye gata. Skrubu, akasema, haipigwi bondeni mwa bati ambako maji yanapita. Inapigwa mgongoni, mpaka ifike kwenye mbao.

"Iko na mpira hapa chini, Papa Zuhura. Maji haiwezi ingia."

Alisema kwa upole mno. Mtu mpole akiwa na mashine ya kutobolea, mimi simwamini.

Nikaenda Doornfontein, kwenye karakana inayokunja yale mabati. Nilijifanya mteja. Mwenye karakana akaniambia huwa anawatengenezea watu wa kule milimani, upande wa Lesotho. Nikamwambia mimi yangu ni ya Malvern. Alinitazama, akamwita mwenzake aje asikie, nikarudia, wakacheka mpaka wakashika meza. Nilirudi nyumbani na ushahidi wangu.

Nilimweleza mke wangu kila kitu: gundi, skrubu, vicheko vya Doornfontein. Nilitegemea ashtuke. Aliendelea kukuna nazi. Akasema, "Baba Zuhura, niachie paa hili moja tu." Na macho yake yalikuwa mekundu, nami nikajua si vitunguu, maana hapakuwa na vitunguu.

Kwa hiyo na yeye nikaanza kumshuku.

Usiniulize nilishuku nini. Mashaka ni kama mchwa, hayahitaji sababu, yanahitaji giza tu. Mama mkwe hatoki nje. Mke wangu haimbi. Mkongo anapima paa. Begi linataka zipu. Nilihisi kuna jambo nyumba nzima inalijua isipokuwa mwenye nyumba.

Nikakubali ya bati na skrubu, kwa sharti kwamba nitakagua kila tundu.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kazi. Asubuhi niliweka kiti cha mama mkwe mahali pake kama kawaida, nikakifuta umande, nikatoa shikamoo yangu. Papa Selestini akapanda. Nami nikapanda nyuma yake, nikafika katikati ya ngazi, nikaangalia chini, nikaamua kwamba ukaguzi mzuri ni ule wa kutoka katikati ya ngazi. Haki ya mtu mpe: alifanya kazi safi. Kila skrubu mgongoni mwa bati, kila moja ilishika mbao, unausikia mlio wake ukibadilika inapouma. Alipomaliza, paa lilikuwa limeota meno kama mtoto anayecheka.

Alishuka kunywa chai. Mimi nikabaki nalitazama. Yote haya yanafanya kazi, au tumevalishwa urembo?

Huwezi kumwamini fundi bila majaribio, na theluji haiuzwi.

Barafu inauzwa.

Nilikwenda kwenye gereji ya petroli baada ya robot, yaani taa za barabarani, nikanunua mfuko mkubwa wa barafu, ile ya kuwekea soda. Papa Selestini alikuwa jikoni na chapati yake, mke wangu anamimina chai. Nikaubeba mfuko begani, nikapanda ngazi ambayo muda mfupi uliopita ilinishinda, maana mashaka yana nguvu kuliko magoti. Nikafika ukingoni, nikaupasua mfuko, nikairusha barafu yote juu ya bati kadiri mkono ulivyoweza.

Ilipanda kidogo. Ikasimama. Ikarudi.

Ilipita katikati ya meno yote kama maji ya bomba. Haikushikwa hata tembe moja. Ilimwagika upenuni kwa kelele za sufuria elfu, ikapiga kiti cha mama mkwe, kiti kikaruka, kikalala chali.

Mlango ukafunguliwa. Mama mkwe alikuwa dirishani muda wote.

Alisimama kizingitini na mtandio wake, akatazama kiti, akatazama barafu, akanitazama mimi juu ya ngazi na mfuko mtupu mkononi. Sikumbuki kama amewahi kunitazama usoni kabla ya leo.

"Mkwe," akasema, "hiki kiti changu kimekukosea nini?"

Mke wangu na Papa Selestini wakatoka mbio. Mama mkwe akaendelea, sauti yake ya chini, bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Siku ya theluji, alisema, aliona ni ajali. Kesho yake akachungulia dirishani akaniona nakifuta kiti, nakirudisha palepale chini ya paa lililotaka kummaliza. Na kesho kutwa. Na kila siku. Hata hatua moja kando sikukisogeza.

"Nikajiuliza, huyu mtoto wa watu ananiombea nini?"

Nilikuwa nakirudisha palepale kwa sababu ndipo pake. Miguu ya kiti imeacha alama kwenye saruji, nami kila asubuhi nilihakikisha imekaa juu ya alama zake, nikijisifu moyoni kwamba hakuna mkwe Malvern nzima anayemtunza mama wa mkewe kama mimi. Nilidhani natandika heshima. Kumbe natega.

Wiki zote hizi natafuta mtu wa kumshuku, na aliyekuwa anashukiwa ndani ya nyumba hii ni mimi.

Nilimgeukia mke wangu, kwa kadiri mtu anavyoweza kugeuka juu ya ngazi, nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Alisema mama alimkataza. Mkwe hatuhumiwi, alimwambia, utavunja ndoa yako kwa kiti. Mimi nirudi tu kwangu Tanga, alisema mama. Mke wangu naye hakutaka mama arudi, wala hakutaka kuniambia. Akaona ni rahisi kutoboa paa kuliko kutoboa siri.

Papa Selestini akajikohoza.

"Mimi nilimwambia Mama Zuhura tangu siku ya kwanza," akasema. "Beba tu ile kiti, peleka kule. Akasema haiwezekani, kiti ni ya Papa Zuhura, yeye ndiye anaiweka."

Eish. Yaani mtu niliyemchunguza mpaka Doornfontein kama mpelelezi ndiye pekee aliyetaka tusimlipe.

Akaongeza, kwa upole uleule, kwamba meno hayana kosa. Theluji ni blanketi, alisema, inashikana. Mimi nimemwaga shanga. Wenye akili hawajaribu chandarua kwa mchanga.

Nilishuka. Ilinichukua muda. Mama mkwe alikuwa bado kizingitini. Niliokota kiti, nikakikung'uta barafu, nikasimama nacho mkononi kama mtumishi aliyesahau alikotumwa. Halafu nikafanya jambo ambalo sijawahi kufanya katika miaka yote ya ndoa yangu: nikamuuliza yeye mwenyewe.

"Mama, nikiweke wapi?"

Alifikiri. Akaonyesha kwa kidevu, hatua chache mbele, karibu na kamba ya kuanikia nguo, mbali na upenu. Jua lilikuwa palepale, lilelile. Nikakiweka. Alikuja pole pole na magoti yake, akakaa, akafumba macho. Papa Selestini akarudi kwenye chapati. Mke wangu akaingia jikoni, na baada ya muda nikasikia, chini chini, anaanza kuimba.

Mama mkwe hakufumbua macho.

"Na ile zipu?" akauliza.

"Bado, Mama. Zimeadimika."

"Usiharakishe," akasema.

Basi hivyo ndivyo ilivyokuwa. Majaribio hayakwenda vizuri, paa lina meno lisiyoyahitaji, na kesho kabla ya kuweka kiti nitauliza kwanza.

Limebaki jambo moja, na hili silisemi nje ya ukurasa huu. Zipu ya begi lile niliitengeneza siku ileile nilipoletewa. Inafunguka na kufungika kama mpya. Begi bado nimelificha nyuma ya mengine.