Barabara Iliyojenga Ukumbi

Alhamisi. Mvua haijakatika tangu jana, na upepo wetu wa Singida unaipigisha kwenye vioo vya kafe hii ya intaneti. Sina raha. Njia nzima nimesalimiana na watu nikitabasamu, sasa nimechoka kutabasamu. Naandika hapa kwa sababu kaka yangu hasomi mambo ya mtandao.

Jana kwenye kikao cha madiwani tulipitisha azimio: fedha ya barabara isiguswe kwa kazi nyingine yoyote, hata kwa siku moja. Nilisimama kuliunga mkono. Nilisema kwa ukali, wenzangu wakapiga meza.

Kilichonisuta ni ukumbi wenyewe tuliokuwa tumekaa. Una dari jeupe, una feni, hauvuji hata tone. Tuliumalizia mwaka jana kwa fedha ya barabara.

Ilikuwa hivi. Kalavati la korongo la kijijini kwetu lilikuwa limeshapangiwa fedha. Wananchi walifanya msaragambo, kazi ya kujitolea ya kijiji kizima, wakarundika mawe kando ya korongo kama mchango wao. Wifi yangu Rehema, mke wa kaka Mkumbo, alibeba mengi kuliko baadhi ya wanaume. Halafu kikaoni ikaletwa hoja ya kuazima ile fedha ili ukumbi uishe, maana mkandarasi alishatishia kuondoa mafundi wake. Ilikuwa saa ya chakula, pilau inanukia. Mwenyekiti akauliza, "Wanaoafiki?" Tukaitikia kwa pamoja, ndiyooo, kama tunavyoitikia kila kitu.

Na mimi nilisema ndiyo.

Februari mwaka huu korongo likajaa. Rehema alikuwa amejifungulia nyumbani, damu haikati, na gari lililombeba kwenda hospitali likakwama upande wa kijijini tangu asubuhi hadi alasiri. Maji yalipopungua, hapakuwa na haja tena ya kuvuka. Mtoto yupo, analelewa na bibi yake. Wakati wa kujengea kaburi lake, watu walichukua mawe yaliyokuwa karibu.

Yale yale.

Msibani kaka aliniuliza kalavati liliishia wapi. Nikamwambia tulipiga kura, sisi tuliokataa tukazidiwa. Uongo mtupu. Tangu siku hiyo aliacha kuniita mdogo wangu. Nikimwambia shikamoo kaka, anajibu, "Marahaba, Mheshimiwa."

Jana alikuja kusikiliza, akakaa kwenye benchi la wananchi na koti lake lililolowa. Kikao kilipoisha alinisubiri nje. Mhandisi alikuwa ametutangazia kwamba saruji ya makalavati italetwa kiangazi, vijiji viandae mawe.

"Mawe yetu yako kwa wifi yako," kaka alisema. "Hayo sitayagusa. Tutatafuta mengine."

Kisha akauliza, "Mwaka jana, mliokataa mlikuwa wangapi?"

Mvua ilikuwa inatunyeshea wote wawili. Pale pale ningeweza kusema.

"Wawili tu, kaka."

Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Asante, mdogo wangu."

Azimio ni jema, na nitalilinda. Nikiwa bado ndani ya ukumbi ule, fedha hiyo haitaazimwa tena na mimi nikaitikia. Lakini naona aibu. Watu wananisifu kwa hotuba ambayo nilipaswa kuitoa mwaka mmoja kabla.

Jumamosi kuna msaragambo wa mawe mapya. Nitakwenda. Kabla sijainua jiwe la kwanza nitamwambia kaka kwamba waliokataa hawakuwa wawili, wala hakuwapo hata mmoja. Je, nitaweza, nikimwona yule mtoto mgongoni kwa bibi yake?

Nitasema. Na akirudi kuniita Mheshimiwa, nitaitika.